Njia ya Kurudi

Kitu kilichokatika moja kwa moja hakimfitinishi mtu na mwenziwe. Umeme ulipozimika Unguja mwezi wa Mei 2008 tukakaa kiasi cha mwezi mmoja gizani, na ulipozimika tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu, hakuna jirani aliyemwita jirani yake mwongo. Giza lilikuwa la wote. Kila mmoja alijua kuwa ubovu uko kwenye njia ya umeme utokao bara, na kila mmoja alijua kuwa hana la kufanya ila kununua mafuta ya taa na kungoja.

Kinachofitinisha ni kitu kinachokatika kikarudi. Homa inayomwacha mgonjwa kila anapofika mbele ya daktari. Paa linalovuja usiku likakauka kabla fundi hajaja. Taa za gari zinazozima njiani usiku na kuwaka vyema asubuhi wakati wajuzi wamekusanyika kuzitazama. Ubovu wa namna hii una inda. Haujionyeshi kwa anayetakiwa auone, na watu wakishachoka kuutafuta huanza kumtazama yule aliyeusimulia. Ana akili timamu? Alikuwa macho? Ana haja gani ya kudanganya?

Nimekuwa nikitunga mashairi na kufasiri ya wengine kwa zaidi ya miaka thelathini, bila ya mwalimu ila vitabu na masikio yangu, wala sikutegemea kuwa siku moja nitaitwa kwenye kesi ya lori. Niliitwa kwa sababu ya Kiingereza. Niliyoyapata humo yamenifaa katika ushairi kuliko mengi niliyoyasoma, na kwa ajili hiyo nayaleta kwa wasomaji wa kurasa hizi, ingawa najua kuwa wengi wao hawana lori.

Lori lenyewe ni la shemegi yangu. Ni la Kijapani, la mwaka 1987, lililokuja kwetu mtumba, na tangu lije limekuwa likibeba mchanga, mawe na matofali. Kama malori mengi ya umri wake linatumia umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Injini yake ni ya dizeli, na pampu ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe. Hata umeme wote ukitoweka, injini huendelea kunguruma mpaka dereva avute kamba ya kuizimia.

Masika ya mwaka 2016 dereva wake, kijana wa miaka 26, alianza kulalamika. Alisema kuwa akirudi usiku kutoka Nungwi, ambako alikuwa akipeleka matofali, taa za mbele huzima ghafla, na taa za dashibodi huzima pamoja nazo, na waipa husimama katikati ya kioo. Baada ya sekunde mbili tatu vyote hurudi kana kwamba hapana kilichotokea. Injini haizimi. Shemegi yangu alilipeleka lori kwa fundi, fundi akapima, akakuta kila kitu kizima. Ilipotokea mara ya pili zikanunuliwa betri mbili mpya. Ilipotokea mara ya tatu ikabadilishwa swichi ya taa, na fyuzi zote zikatolewa, zikasafishwa, zikarudishwa. Mara ya nne, karibu na Kinyasini, mvua ikinyesha, taa zilizima na lori likaligonga kwa nyuma gari la ng'ombe. Mzee aliyekuwa juu ya gari lile alianguka akavunjika mkono, na ng'ombe ilibidi achinjwe.

Hapo ndipo fitina ilipoingia. Utingo alikuwa amekaa nyuma, ndani ya bodi tupu, amejifunika turubali na kuigeuzia mvua mgongo. Alipoulizwa aliapa kuwa taa hazikuzima. Alikuwa akitazama nyuma, na muda wote aliiona nuru nyekundu ya taa za nyuma juu ya lami iliyoroa, mpaka lori lilipogonga. Hakuwa na chuki na dereva; walikuwa wakila sahani moja. Alisema alichokiona. Basi yakawa maneno mawili yasiyokaa pamoja: dereva anasema umeme ulipotea, utingo anasema umeme ulikuwapo. Fundi naye alikuwa upande wa utingo, na mita yake ikiwa shahidi wa tatu. Shemegi yangu, aliyekwisha kulipia matibabu na thamani ya ng'ombe, alitoa hukumu ambayo watu wengi wangeitoa: kijana alisinzia. Akampa hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi awe amerudisha funguo.

Kijana alikuja barazani kwangu, akanipa shikamoo, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema: "Mzee, wallahi mimi sikulala. Lakini na yule hasemi uongo. Namjua."

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonishughulisha. Mtu anayejitetea kwa uongo kwanza humkadhibisha shahidi anayemuumiza. Huyu alikuwa anamsadiki shahidi aliyemwangamiza, na bado akishikilia ushahidi wake mwenyewe.

Siku mbili baadaye shemegi yangu alileta bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa za fotokopi kutoka kitabu cha matengenezo cha lori, kwa Kiingereza, pamoja na mchoro wa nyaya. Fundi alikuwa anataka kubadilisha altaneta, na shemegi yangu, ambaye fedha zilikuwa zimemwishia, alitaka mtu asome kwanza. "Nifasirie hizi, shemegi," aliniambia, "angalau tujue tunanunua nini."

Nilikaa na karatasi zile usiku wa siku tatu. Maneno mengi hayakuwa mazito. Kamusi na subira vilitosha. Neno lililonisumbua lilikuwa moja. Mafundi wetu husema "eathi", na kitabu kilikuwa na neno hilo hilo, ambalo kwa Kiingereza maana yake ni ardhi, au udongo. Katika mchoro lina alama yake: vistari vitatu vya kulala, kila cha chini kifupi kuliko cha juu yake, kama mzizi unaozama. Waya wa kila taa huanzia betri, ukapita fyuzi, ukapita swichi, ukaingia kwenye taa, kisha ukamalizikia kwenye alama ile. Mwenye kuutazama mchoro huiona safari inayokwisha ardhini kama maji ya mvua yanavyokwisha mchangani.

Lakini lori limesimama juu ya mipira. Haligusi ardhi popote, na hapana udongo wowote katika habari hii. Umeme uliotoka kwenye ncha chanya ya betri hauna pa kuishia ila kwenye ncha hasi ya betri zile zile. Usiporudi huko, hautoki huku. Na kwa kuwa waundaji wa magari hawakutaka kuvuta waya wa pili kutoka kila taa hadi betri, wamekifanya chuma cha gari chenyewe kuwa ndicho waya huo. Kila taa ina waya mmoja unaoonekana wa kwenda, na njia moja isiyoonekana ya kurudi, ambayo ni bati na vyuma tunavyovipanda na kuvipiga rangi.

Kwa hiyo katika karatasi nilizomwandikia fundi sikuandika "eathi" wala "ardhi". Kila palipokuwa na alama ile niliandika "njia ya kurudi". Ufundi wa magari sina. Nilifanya hivyo kwa desturi tu ya mfasiri, ambaye hapendi kuliandika neno asiloona kitu nyuma yake.

Neno lile lilikuwa na deni ndani yake. Ukishaandika "njia ya kurudi" huna budi kuuliza: hurudi kwa kupitia wapi? Nikaanza kuuliza kwa kila chombo. Taa za mbele zimefungwa kwenye kebini, kwa hiyo umeme wake hurudi kwa kupitia bati la kebini. Dashibodi, kebini. Waipa, kebini. Taa za nyuma zimefungwa mwisho wa chesisi, na umeme wake hurudi kwa kupitia chesisi. Na kebini si chesisi. Katika malori ya aina hii kebini huinamishwa mbele ili injini iliyo chini yake ipate kutengenezwa, na ikishushwa hukaa juu ya vikalio vya mpira ili isimtikise dereva. Mpira haupitishi umeme. Baina ya vyuma viwili hivi kuna daraja moja tu lililowekwa makusudi: mkanda wa shaba uliosukwa, ambao mchoro uliuonyesha kwa kistari kifupi pembezoni mwa karatasi.

Niliweka kalamu chini. Ikiwa mkanda ule umeoza, vyombo vyote vya kebini hupoteza njia yao ya kurudi kwa wakati mmoja, ilhali taa za nyuma, zisizohitaji mkanda ule, huendelea kuwaka. Dereva aliona giza, kwa sababu mbele yake palikuwa na giza. Utingo aliona nuru, kwa sababu nyuma yake palikuwa na nuru. Ushahidi wao haukuwa unapingana. Ulikuwa umeukamata ubovu baina yao, huyu kwa mkono mmoja na yule kwa mkono wa pili. Aliyeutupa ushahidi wa mmoja ili aushike wa mwengine alikuwa anautupa ufumbuzi wenyewe.

Fundi, Mungu amjaalie, hakuona haya kusomewa na mtunga mashairi. Alisoma, akatikisa kichwa, kisha akanieleza jambo ambalo kitabu hakikulisema. Kila alipopima hapo kabla, alikuwa akiufunga waya mweusi wa mita kwenye ncha hasi ya betri na kuugusisha waya mwekundu kwenye fyuzi moja baada ya nyengine. Kila fyuzi ilimpa volti 25 na ushei, kama inavyotakiwa kwa betri mbili zilizojaa. Kwa upimaji huo umeme wa kwenda ulionekana mzima, na kweli ulikuwa mzima. Kuhusu wa kurudi mita haikusema kitu, kwa sababu haikuulizwa.

Jioni ile tulikwenda gereji kwake: yeye, dereva, utingo, shemegi yangu na mimi. Aliwasha taa zote za kebini na waipa, akaufunga waya mmoja wa mita kwenye ncha hasi ya betri, na wa pili akaugusisha kwenye bati la kebini alilokwisha kulikwangua rangi. Baina ya nukta mbili hizo, njia ikiwa nzima, haifai kupatikana zaidi ya sehemu chache za kumi za volti moja. Mita ilisoma volti moja na nusu. Kisha akamwambia dereva apande kidato cha mlango na arukeruke. Tarakimu zikaanza kupanda: nne, saba, kumi na moja. Taa zilififia kama macho ya mtu mwenye usingizi. Mara mita ikapita ishirini, na taa zikazima zote. Utingo, aliyekuwa amesimama nyuma ya lori, akapaza sauti bila ya kuulizwa: "Huku zinawaka!"

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha fundi akaingia chini ya kebini na tochi.

Mkanda ulikuwa karibu na bawaba ambapo kebini huinamia. Kwa juu ulikuwa na vumbi na grisi, kama kila kitu cha huko chini. Alipoukunja kwa vidole nyuzi zake zilivunjika kama majani makavu, na ndani ilitoka unga wa rangi ya mrututu. Sisi wa visiwani tunaijua rangi ile. Pepo za bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na shaba iliyo katika chumvi na unyevu huliwa taratibu ikageuka unga wa kibichi usiopitisha umeme. Ongeza kwamba mkanda ule hukunjwa kila kebini inapoinamishwa, na kwamba ulikuwa umekunjwa kwa karibu miaka thelathini. Zilizobaki zilikuwa nyuzi chache, na zile nazo ziligusana na kuachana kwa kadiri ya mashimo ya barabara. Hapo tulifahamu pia kwa nini ubovu ulikuja khasa wakati wa kurudi kutoka Nungwi: lori tupu, lisilo na mzigo wa kuzilaza springi zake, hurukaruka kuliko lililojaa.

Kuna jambo moja zaidi alilotuonyesha fundi. Gamba la chuma la kamba ya mafuta, itokayo kwenye kanyagio ndani ya kebini hadi kwenye pampu, lilikuwa limebadilika rangi kama chuma kilichopata moto. Umeme ukinyimwa njia yake haukubali kukaa, hutafuta nyengine. Kwa miezi kadhaa ulikuwa ukirudi kwa vichochoro, kwa kupitia kamba ile na vyuma vya usukani, na ndiyo maana siku nyingi taa ziliwaka na fundi hakuona kitu. Kuwaka kwa taa hakukuwa dalili ya uzima. Kamba ile siku moja ingeweza kushika moto.

Msomaji atauliza kwa nini mita haikuugundua mkanda huo mapema, kwani fundi alikwisha kupima kama kebini na chesisi zinaungana, na mita ikajibu kuwa zinaungana. Jawabu limo katika kanuni aliyoitoa Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni umeme unaopita ukizidishwa kwa ukinzani wa njia. Tuseme vyombo vya kebini vinavuta amperi 10 kwa volti 24. Ukiingia ukinzani wa omu 1 tu katika njia ya kurudi, takriban volti 7 hupotea hapo, na taa hufifia. Lakini mita inapopima muungano hupitisha umeme mdogo mno, na uzi mmoja wa shaba uliobaki unautosha. Njia ambayo haikubebeshwa kitu hujibu kuwa ni nzima. Haisemi uongo, kwa mzigo ule iliopewa, ni nzima kweli. Anayetaka kuijua hali yake na aibebeshe mzigo wake wa kila siku, kisha apime ikiwa imeubeba.

Hapa ndipo nilipokumbuka kazi yangu. Mshororo wetu wa mizani kumi na sita una vipande viwili, ukwapi na utao. Wazo huingia kwa ukwapi, na wengi wetu hapo ndipo tunapoweka akili zetu zote. Utao tunauachia upate neno lolote litakalotimiza hesabu na kuleta kina. Shairi la namna hiyo lina umeme wa kwenda, lakini halirudi mahali. Msikilizaji hupewa kitu kisha akanyang'anywa kabla hajakishika. Na kwenye karatasi halijulikani. Ukilihesabu kwa vidole limetimia, ukivitazama vina vimepangika kama meno ya chanuo. Ni mpaka lighaniwe, libebeshwe pumzi ya mtu na sauti ya mtu mbele ya watu wanaosikiliza, ndipo mahali palipooza pazime. Nimepokea mashairi mengi ya vijana yaliyo mazima kwa mita isiyo na mzigo. Siku hizi siyasemi kitu kabla mwenyewe hajanighania.

Na katika kufasiri, kamba ile ya mafuta iliyopata moto nimeikuta mara nyingi. Maana iliyokatiwa njia yake haipotei kimya; hupenya kwa neno jirani ambalo halikuundwa kuibeba, na sentensi ikawaka, na msomaji akapita bila ya kushuku. Mfasiri hutazama taa zikiwaka akaridhika. Inampasa ashike kamba kwa mkono aone kama ina joto.

Matengenezo yenyewe yalichukua saa moja. Fundi alikata waya mnene mpya wa shaba, akaubana vichwa kila upande, akakwangua rangi na kutu mpaka chuma cha kebini na cha chesisi vikang'aa, akakaza nati, na baada ya kukaza, si kabla, akapaka grisi juu ili hewa ya bahari isiingie. Kisha akaweka waya wa pili kama ule upande wa pili wa kebini. Gharama yake haikufika bei ya mzigo mmoja wa mchanga. Altaneta haikununuliwa.

Shemegi yangu hakutoa hotuba. Ijumaa ilipofika, aliziacha funguo mikononi mwa kijana na kumuuliza kama amekwisha kunywa chai. Mkono wa mzee wa Kinyasini ulipona ukiwa umepinda kidogo, na hilo halitengenezeki kwa waya wala kwa shairi. Lori hadi leo linafanya kazi, na kila masika inapokaribia dereva huifungua ile nati, akaisugua kwa msasa, akaifunga tena.

Kwangu imebaki desturi moja. Watu wawili waaminifu wakileta habari zinazogongana, za ubeti mmoja, au za msiba mmoja, au za kijana mmoja anayetaka kufukuzwa kazi, huwa siharakii kutafuta nani mwongo. Huwauliza kwanza walikuwa wamekaa wapi. Dereva alikuwa kwenye kebini. Utingo alikuwa juu ya chesisi.